Jibu Utanipa Juu

Kwako mama yangu, Mayu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limekubali tena kupanda mawe ya Ilemela. Mimi huku Uholanzi sijambo. Nilichelewa kuandika kwa kuwa sikupenda kukushirikisha jambo ambalo mwisho wake haukujulikana.

Jambo lenyewe ni mtihani wa mdomo. Mara ya kwanza nilishindwa. Waliniuliza jinsi msongo wa mawazo unavyodhuru kumbukumbu, somo nililolisomea kwa miaka, na yote yakanitoka kichwani. Nilipewa nafasi moja ya mwisho. Kama ningeshindwa tena, ningerudi nyumbani bila shahada.

Hofu ya muda mfupi huiamsha akili, isiyokoma huifunga. Hayo niliyajua, lakini nikajifungia chumbani na vitabu. Kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyosahau.

Ndipo nilipozikumbuka ndoo zetu za maji. Bomba lilikuwa chini, nyumba juu, nawe ulikuwa ukiniuliza masomo ya darasani tunapoanza kupanda. Nikitaka kujibu palepale, ulinikataza: "Usinijibu hapa chini, ng'wanone. Jibu utanipa juu." Tukifika, ziwa limetandazwa nyuma yetu nami nahema, jibu lilikuwapo.

Uholanzi ni tambarare kama sinia, Mayu. Hakuna hata kichuguu. Nikaanza kupanda ngazi za jengo letu kila asubuhi, nikijiuliza kwa sauti chini na kujijibu juu. Jirani, mzee mstaafu, alinisimamisha akitaka kujua nagombana na nani. Nikamwambia, na mama yangu. Akauliza nani anashinda. Nikamjibu kwamba kwetu mama hashindwi.

Mazoezi husaidia ubongo kushika mambo mapya, hilo limechunguzwa. Sidai kwamba ulilijua. Nadhani ulitaka tu nisisikie uzito wa ndoo.

Juzi niliitwa tena: chumba kilekile, swali lilelile. Mwenyekiti akaniambia niketi, nikaomba nisimame. Hofu ilikuja, nikaiacha ipande pamoja nami. Nikayaona yale mawe, na maneno yakafuata. Nimefaulu, Mayu.

Nisalimie shangazi wa Igogo na dagaa zake. Msalimie pia kaka, ambaye nasikia anataka kukuhamishia Usagara kwa ajili ya lile goti. Ana haki, lakini asubiri nifike. Tutapanda polepole, ndoo nitabeba mimi. Nawe ukianza kuniuliza habari za ugenini pale bombani, sitakujibu.

Binti yako,
Kabula