Toleo Lisilo na Ramani

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Goti la mama limetulia, na paa la jikoni limezibwa, ingawa fundi katuachia tundu moja la ukumbusho.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu hupokei, na ujumbe wako una adabu nisiyoijua. Wewe uliyenizoesha jina la Kiherehere, tangu lini ukaniita "dada mpendwa"?

Halafu kuna hili la nyongeza yetu ya mchezo wa kompyuta, ile tunayoigawa bure mtandaoni. Miaka yote mimi naandika maelezo ya jinsi ya kuiunda, na wewe unaunda kila toleo kwa kichwa. Maelezo yangu hujawahi kuyasoma. Unasema ni ya wageni. Sasa toleo la juzi limetoka bila ramani hata moja, wachezaji wanalalamika. Nikatafuta kosa, nikalikuta kwangu: kwenye maelezo nilisahau hatua ya kunakili folda ya ramani. Wewe usingeiruka hata usingizini. Aliyeliunda amenifuata neno kwa neno.

Nilidhani mwizi kaiba akaunti yako. Lakini mwizi gani anawajibu wachezaji kwa upole, tena anaomba radhi kwa kosa langu?

Dalili ya mvua ni mawingu. Wifi, mke wa kaka yangu, najua barua hii umeifungua wewe, kama ulivyoliunda toleo lile. Hatua iliyokosekana nimeshaiandika. Na wewe sasa niambie, kaka yangu anaumwa nini?

Ni mimi,
wifi yako.