Nyota Tatu kwa Miaka Kumi na Minne

Kilimani, Nairobi
Jumapili mchana

Kwako dada yangu Nafula,

Mulembe, dada, mulembe sana. Ni mimi Wekesa mdogo wako, mzima wa mwili, ingawa roho imechafuka kama utakavyoona mbele. Wewe je, hujambo? Mgongo umeacha kukusumbua? Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa au bado anatuzungusha? Mama aliniambia sasa unafika hadi sokoni peke yako, na kwamba juzi ulibishana na muuza dagaa wa omena mpaka akacheka, akakuongeza. Nilifurahi nikamsimulia kila mtu hapa kazini, hata wasiokujua. Nakuandikia kwa sababu simu huipendi tangu urudi, na pia haya siwezi kuyasema huku wenzangu wa kazi wakinisikiliza. Mjomba anarudi huko kesho. Nimemwambia bahasha hii aitie mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Karatasi uliyotia sahihi nimeipata. Ni ile ya kumruhusu Madam Wairimu, mwenye hii biashara ya vitabu ninayofanyia kazi, atafute mwandishi wa kuandika miaka yako minane katika ile nyumba ya Muthangari. Nyuma yake uliandika kwa penseli: "Wewe ndiye unajua mambo ya vitabu. Ukisema ni sawa, ni sawa." Dada, maneno hayo yamenikaa kifuani kama ugali usioiva. Sikiliza niliyoyaona, halafu useme kama kweli najua mambo ya vitabu.

Kuna kitabu kinauzwa sana hapa kwetu siku hizi. Ni kisa cha kweli cha mwanamke wa nchi ya mbali aliyefungiwa chini ya nyumba ya mtu kwa miaka kumi na minne. Nimekisoma, lakini nilikiweka chini mara nyingi, maana kila alipotaja mlango nilikuona wewe. Wasomaji huandika maoni kwenye ukurasa wetu wa mtandao na kutoa nyota, moja hadi tano, vile mtu humpa nyota dereva wa teksi aliyemwita kwa simu. Kazi ya kuwajibu nimeachiwa mimi. Mmoja alitoa nyota tatu, akasema katikati alichoka kwa sababu siku zinafanana. Siku zinafanana! Alitaka huyo mama apelekwe matembezi ndiyo yeye asichoke? Mwingine alilalamika kwamba hakuna picha ya chumba. Wa tatu aliuliza kwa nini yale mambo ya kitandani hayakuelezwa vizuri, na yeye amelipia kitabu. Nami nikamwandikia, "Asante kwa maoni yako, karibu tena." Kwa mikono hii hii. Niliinuka nikaenda kunawa.

Lakini hayo yalikuwa ya kuandikwa. Jana niliyasikia kwa masikio.

Wasomaji walikutana kwenye baraza ya mkahawa mmoja hapa Kilimani kukijadili kitabu hicho. Walikuwa kama kumi na watano, wamevaa vizuri, sambusa mezani, na mimi nimesimama pembeni na katoni langu la vitabu vya kuuza. Dada mmoja wa nywele fupi ndiye alianza.

"Tuwe honest. Si angetoka tu? Kuna siku huyo jamaa aliacha mlango wazi. Mimi ningetoka mbio!"

"Alizoea," akasema kijana mwenye miwani. "Watu wengine hupenda hiyo life. Chakula ya bure, rent hakuna."

Wakacheka, sambusa mdomoni. Nilisikia kinyaa, dada. Nilikumbuka ulivyotueleza kwamba geti lilifunguliwa kila asubuhi gari likitoka, nawe umesimama pale na ndoo ya kufulia. Yule mzee uliyeajiriwa kumtunza alipofariki, binti yake alikuchukulia simu na kitambulisho, akakuambia polisi wanakutafuta kwa kifo chake na kwamba ukikanyaga nje tu umekwisha. Geti lilikuwa wazi, ndiyo. Ningependa kumwona huyo wa nywele fupi akitoka mbio.

Kisha mama mmoja akauliza, "Na familia yake je? Huyo kaka alienda mpaka kwa mlango, akaambiwa hayuko, akarudi home. Si huyo ni mjinga? Mimi ningepiga hiyo gate teke!"

Wote wakakubali kwamba huyo kaka ni mjinga. Nilipanga vitabu upya ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Wewe unajua kwa nini. Mimi pia nilifika kwenye lile geti la kijani. Askari wa getini aliniambia uliacha kazi zamani, ukaondoka na mwanamume. Nikamshukuru. Nilimshukuru, dada! Nikaleta habari hiyo nyumbani, na mwaka wa saba wazee wakasema roho yako isiachwe ikitangatanga. Tukakata mgomba, tukauvisha shuka, tukauzika nyuma ya nyumba kwa jina lako. Mimi nilibeba upande wa kichwa. Nawe ulikuwa hai, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapa ninapofunga vitabu, unafua nguo za watu.

Sijamaliza. Madam Wairimu alisimama mwishoni, akapiga kikombe kwa kijiko.

"Kitabu inakuja ni yetu, si ya majuu. Story ya hapa hapa, karibu na Lavington. Na hao watu wao, imagine, walikuwa washazika banana stem wakidhani amekufa!"

"Waah!" wakasema. Simu zikatolewa. "Hiyo nanunua siku ya kwanza!"

Nani alimwambia habari ya mgomba? Mimi. Nilimwambia kwenye chai, naye akapiga meza kwa furaha, akasema hiyo ndiyo itafungua kitabu, nami nikatembea siku nzima kifua mbele kama mtu aliyefanya la maana. Ndiyo maana nilikuandikia kwa haraka vile, nikakusukuma utie sahihi. Wasomaji wale wamenichukiza, lakini mimi nimejichukiza zaidi.

Wakati wa kukunja viti nilimwambia, "Madam, huyo mtu yuko hai. Yuko na jina."

"Najua, Wekesa. Ndiyo maana ni tamu." Si mtu mbaya, dada, yeye ndiye alinipa ruhusa na gari la ofisi niende kukuchukua siku ile ulipopatikana. Lakini alisema tamu. "Na ile karatasi, imefika?"

"Bado," nikasema. Ilikuwa mfukoni mwa shati langu.

Sitakuficha upande wa pili, nisije nikawa nakuchagulia tena. Katika maoni yote yale kuna moja la mwanamke ambaye hakutoa nyota hata moja. Aliandika kwamba alipomaliza kusoma alikwenda kwenye ua wa jirani, akamuuliza msichana wa kazi wa pale jina lake, maana walikuwa majirani kwa miaka mitatu bila yeye kulijua. Basi. Nilisoma maneno yake mara nyingi. Wewe hukuokolewa na kaka wala askari. Uliokolewa na mfanyakazi wa jirani aliyekuuliza jina lako kwenye ua, akalipeleka kanisani kwake, hadi habari ikanifikia. Huyo msomaji sikuweza kumjibu "karibu tena". Mpaka leo sijamjibu.

Nisalimie Baba, umwambie nimesikia kwamba amebandua komeo kwenye kila mlango wa nyumba, hata wa choo, na kwamba mimi nikija nitakohoa kabla ya kuingia. Nisalimie Mama, nguo nilizomwahidi anazo mjomba. Nyanya yetu aache kunitafutia mchumba, angalau mpaka baada ya mavuno.

Sasa ile karatasi. Haiko kwa Madam, iko humu ndani ya bahasha, nyuma ya ukurasa huu, na sahihi yako ikiwa vile vile ulivyoiandika. Ukitaka kuwashia jiko, washia, na mimi nitajua la kumwambia Madam. Ukitaka kitabu, irudishe, lakini ufute hayo maneno ya penseli, kwa sababu hayafai. Niulize kinavyofungwa kitabu na kinavyosafirishwa, hapo nitakujibu. Hili lingine sitalisemea. Mara ya kwanza tulikaa bila wewe tukaamua kwamba umekufa. Safari hii nangoja unachosema.

Ndimi mdogo wako,
niliyebeba upande wa kichwa,
Wekesa