Chombo Kisichotoa Jasho

Kwa Zaituni, mke wangu, uliyenitangulia mbele ya haki,

Rehema za Mola zikufunike huko uliko. Binti yetu Asha ameleta swali lililo lako, nami nimebaki peke yangu kulijibu.

Chombo alichokifinyanga kilifika hapa Kabambare kwa pikipiki, kimefungwa ndani ya kipande cha godoro. Ndicho cha kwanza alichokubali kututumia tangu arudi kutoka Japani, alikojifunza ufinyanzi wa huko. Shingo yake imeinama kwa makusudi. Bega moja liliangukiwa na jivu la tanuri, likayeyuka motoni, likawa kijani, mfano wa ukungu wa asubuhi juu ya mto Luama.

Wifi yako Mwamini alikizunguka akicheka. "Mwalimu, hii chungu ilikunywa pombe ya lutuku! Iko inaanguka." Nilipomwambia kuwa ni cha kuwekea maua, alizidi: "Maua iko nje. Inaingia mu nyumba kutafuta nini?"

Asha aliuliza kwa simu: "Baba, mama angekikubali? Usinifurahishe bure." Nikaogopa, kwani kumsingizia marehemu neno ni mzigo mbaya kwenda nao kaburini.

Basi nikafanya ulivyofanya wewe. Ulikuwa ukikizunguka chungu kinyumenyume, mgongo umepinda, kana kwamba chungu ndicho kilichosimama na dunia ndiyo iendayo. Baada ya kukichoma ulikijaza maji, ukakiketisha juu ya jivu kavu hadi asubuhi. Jivu likilowa ulisema, "Kinapumua," kwa kuwa mtungi utoao jasho ndio upozao maji. Likibaki kavu ulisema, "Hiki kimekufa," ukampa jirani awekee chumvi. Lakini vile ambavyo moyo wako ulikataa kuviuza, hukuvisemea neno. Ulivigeuza, ukavitazama kitako, ukaviingiza ndani kimya.

Nilipoamka kwa sala ya alfajiri, jivu chini ya chombo cha Asha lilikuwa kavu kabisa.

Nikasali, nikakaa nacho. Mwanga ulipoligusa lile bega la kijani nilikuona, sijui kama nilisinzia, umepiga magoti penye udongo wa mtoni, unaimba wimbo usio na maneno. Nikamwaga maji, nikakigeuza. Kitakoni, mahali jivu la tanuri halikufika, palikuwa na alama ya kidole gumba, imebonyezwa pembeni kama ulivyobonyeza vyako vyote. Hilo hakufundishwa Japani.

Nikampigia simu. "Mwanangu, hakitoi jasho. Mama yako angesema kimekufa."

Nikaigusa ile alama ya kidole gumba, nikaongeza:

"Kisha angekigeuza."

"Halafu angesema nini, baba?"

"Asingesema kitu."

Nikamsikia akilia, kwa maana alilelewa katika nyumba iliyojaa vyungu ulivyovinyamazia.

Nimekiweka ndani, karibu na mkeka wangu wa kusalia. Leo nimekuta humo ua moja jekundu. Mwamini anadhani sikumwona. Lala kwa amani, Zaituni, hadi Mola atakapotukutanisha.

Mumeo