Mkono wa Mama Mkubwa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua studio ya picha saa mbili. Paspoti tatu tu. Mzee mmoja kagoma kuvua kofia, tumebishana, kashinda yeye.

Mchana nimetoka na picha aliyoipiga marehemu baba, barabara kuu ya Nachingwea enzi zake. Mwalimu Halima wa sekondari anaandaa maonyesho shuleni: picha ya zamani na ya sasa, zipigwe kutoka mahali palepale. Kazi naipenda kuliko paspoti, nisiwe mnafiki. Kwenye picha ya baba kuna vumbi, baiskeli mbili na fundi cherehani barazani. Leo ni bodaboda na vibanda vya kutuma pesa. Duka la nguzo nne bado lipo. Ila kwenye picha liko kushoto, mimi naliona kulia. Nimegeuka huku na huku juani mpaka wauza mihogo wakanicheka. Haikai.

Nimemwambia mwalimu barabara ilihamishwa. Kaandika kwenye daftari lake. Nimejisikia mtaalamu.

Jumatano, 6 Agosti

Ruangwa, kwa Mama Mkubwa Anastazia, dada wa marehemu mama. Jicho moja limezima kabisa, la pili linafifia. Nimempelekea habari njema: kwenye sanduku la bati la baba nimekuta picha ya nyumba yake ya kwanza, kule bonde la Mbwemkuru, kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa. Hajawahi kuiona. Nimemsimulia tu, picha niliiacha studio.

Kasema nyuma ya jiko la nyumba ile ndiko alikozikwa Benedikta, mtoto wake wa kwanza. Aliondoka pale akiwa kijana bado, na hajarudi. Anataka alione kaburi wakati bado anaona.

Nimemwahidi. Picha ninayo, mahali nitapajua. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeshinda mtoni na pikipiki. Mto mchanga mtupu, kina mama wamechimba visima katikati wanachota kwa kata. Ukingo umeliwa sana na maji. Palipokuwa na vichaka sasa ni mashamba ya ufuta.

Kwenye picha, ukisimama kuutazama mlango, kilima chenye vichwa viwili kiko kushoto na mto unakunja kwenda kulia. Nimefuata ukingo kutwa nzima. Kona kama hiyo hakuna. Kilima nimekiona, lakini kimekaa upande usio wake. Nimerudi na miiba miguuni na hasira.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimefanya ubaya.

Baada ya misa nimepita kwa Mama Mkubwa kumweleza. Kasema ukiitazama nyumba, kilima kilikuwa kulia kwa mlango wake, jua lilichomoza hapo. Nikamjibu kwamba amesahau, mama, ni miaka mingi, picha haisahau. Nimesema mbele ya majirani. Kaingia ndani na fimbo yake.

Mtu mzima mimi, nina wajukuu. Nimeona aibu njia nzima.

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi kuomba radhi, na picha yenyewe mkononi. Kapokea radhi, kapokea na sukari. Kasogea dirishani, kaileta picha karibu na jicho mpaka ikagusa pua. Ndani ya picha yeye ni binti, anampa mumewe bakuli la uji.

Kaishusha. "Huyu si mimi."

Nikamwambia ni wewe, mama, na huyu ni mzee.

"Mume wangu ni huyu. Lakini mimi sijampa mtu chakula kwa mkono wa kushoto tangu nizaliwe. Mama yangu angenikata vidole. Baba yako kaniharibu."

Nimetazama. Kweli, kushoto. Na mzee anapokea kwa kushoto, mzee aliyekuwa akimchapa mtoto kwa kosa hilohilo. Wote wawili, kwa mara moja.

Nimeondoka bila kumaliza chai. Studio nimefukua lile sanduku mpaka nikaipata filamu. Nimeielekeza kwenye mwanga, upande unaong'aa ukiwa juu kama baba alivyonifundisha mwenyewe. Bakuli liko mkono wa kulia. Kilima kiko kulia. Na duka la nguzo nne, kipande cha pili cha filamu ileile, nalo liko kulia. Baba alisafisha picha zote akiwa ameigeuza filamu, kulia ikawa kushoto. Baba huyuhuyu aliyenizaba kofi kwa kosa hilo nikiwa mwanafunzi wake!

Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Barabara haijahama popote. Nitamwambia mwalimu kesho.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekodi bajaji kutoka Ruangwa. Mama Mkubwa kavaa kitenge kipya, kabeba chupa ya uji mapajani, hataki kusaidiwa.

Safari hii kona nimeipata kabla ya saa nne. Nyumba hakuna. Zamani kutoka mlangoni hadi mtoni ni mwendo, leo ni hatua kumi na mbili. Mawe matatu ya jiko yapo, meusi bado. Nyuma yake mviringo wa mawe madogo na kipande cha chungu.

Kapiga magoti. Kayapapasa mawe moja moja kwa vidole. Kaongea Kimwera, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Mimi na dereva tumesogea pembeni, tumeng'oa majani.

Halafu kaniita. Kamimina uji kikombeni, kaninyooshea. Nikamwomba asubiri kidogo, nikapiga picha, ndipo nikapokea.

Jumanne, 19 Agosti

Paspoti mbili. Upepo. Mwalimu Halima kafuta maneno yangu kwenye daftari, kacheka vizuri tu. Picha za barabara sasa zimekaa sawasawa, duka kwa duka.

Ya mtoni nimeisafisha kubwa. Nimeiangalia mara mbili kabla ya kuitundika. Anatoa kwa mkono wa kulia.