Kiraka Chini ya Kiti cha Dereva

Suame, Kumasi
Machi 9, 1999

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Bechem, macho hayakusumbui sana na ule mguu umeanza kukubali kukanyaga. Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu, sukari yake imeshuka, ila bado anaiba matonge ya fufu tukigeuza kisogo. Mke wangu Serwaa amejifungua mtoto wa kike. Ningependa barua iishie hapo. Nimeshaichana mara mbili kwa sababu ya haya yanayofuata, na hii ya tatu nitampa dereva wa basi aiweke mkononi mwako mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita Bwana Dwumfour, mtoto wa yule marehemu mnunuzi wa kakao, aliniletea gari likiwa linavutwa kwa kamba. Ni Pijo 404 nyeupe. Nadhani unalikumbuka. Mwezi ujao wanamfanyia baba yake kumbukumbu ya mwaka mmoja, naye anataka gari hilo liongoze msafara. Lilikuwa limelala bandani miaka kumi na minane, tangu ajali ya mteremko wa Mampong iliyomuua mama yake, Bibi Konama. Bodi ya mbele ilishanyooshwa zamani. Kazi yangu ilikuwa sakafu, ambayo kutu ilikuwa imeila. Mumuni, makanika wa banda la jirani, alichungulia akacheka: "Yaw, hii siyo sakafu, hili ni chujio la chai! Ukipanda humu utakimbia na gari kwa miguu yako mwenyewe."

Siku hiyo hiyo alikuja mzee mmoja mrefu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, akasimama ng'ambo ya mtaro. Hakusalimu wala hakuketi. Kesho yake akarudi. Kila asubuhi nikiwasha gesi yupo, na nikifunga banda bado yupo. Mumuni alimrushia utani, akamuuliza kama kiingilio cha sinema amelipa. Mzee hakucheka. "Naangalia tu," alijibu. "Nina haki ya kuangalia." Serwaa, wakati huo bado mjamzito, aliponiletea chakula alinisihi nimfukuze, akisema yule mzee analitazama gari kama mtu anayetazama kaburi likifukuliwa. Sikumfukuza.

Kazi niliianza kama ulivyonifundisha. Nilitoa viti, nikang'oa zulia, nikagonga kwa nyundo ndogo huku nikisikiliza. Upande wa abiria nilikata kilichooza hadi nikafika kwenye chuma kinachong'aa, nikachora kipimo kwenye kipande cha boksi, nikakata shiti mpya ya chuma, nikaishika kwa nukta za moto huku na huku isije ikajikunja. Yote yalikwenda vizuri. Kisha nikahamia upande wa dereva, na hapo nyundo ikatoa sauti kama ninagonga godoro.

Palikuwa na lami nene. Nikaikwangua. Chini ya lami nikakuta bati jembamba la kuezekea, kiraka kikubwa kama sinia, kimechomelewa juu ya kutu iliyokuwa ikivunjika kama biskuti. Reli za kiti zilikuwa zimefungwa kwenye kiraka hicho, hakuna kingine. Na bolti mbili za mbele zilikuwa zimeng'oka na kuondoka na bati, kingo za matundu zimepindia juu. Mtu aliyekaa pale akikanyaga breki kwa nguvu, kiti kingeinuka na kumtupa chali, mguu ukabaki hewani.

Nilipiga magoti nikautazama mshono. Mawimbi yake yalikuwa ya mtu wa mkono wa kushoto, na kila mwisho ulikuwa umegeuzwa nyuma kama mkia wa nge. Mjomba, nimechomelea kando yako miaka minne. Katika Suame nzima sijaona mtu mwingine anayemaliza hivyo. Kazi hiyo mimi sikuiona ikifanywa; labda ni ile miezi niliyokwenda nyumbani kwa mazishi ya baba.

Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipoona kivuli. Mzee alikuwa amevuka mtaro. Nilikitupia kiraka gunia haraka. Alisema jina lake ni Kojo Essilfie, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa dereva siku ile. Aliwaambia mahakamani kwamba kwenye mteremko kiti kilimkimbia na mguu ukaikosa breki. Watu walicheka. Ikaamuliwa kwamba alikuwa amelewa, akafungwa miaka sita, mkewe akachukua watoto akarudi nao Cape Coast. Alisema Bibi Konama alikuwa akimwita kwa jina lake hadi walipougonga mti. Kisha akaniuliza: "Fundi, umekuta nini chini ya kiti changu?"

Nilimwambia, "Kutu tu, mzee. Kutu ya kawaida."

Aliitazama mikono yangu, akasema asante, akaondoka. Jioni ile nikakikata kiraka, nikawauzia wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Ungedhani ningepumua. Badala yake kila nilipoinamia shiti niliitoboa kwa moto, hata Mumuni akaacha utani, akaniuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Nilikuwa nakumbuka kwamba ulihama Kumasi wiki ile ile Essilfie alipofungwa. Kesi ilijulikana mji mzima. Ulituambia ni moshi unaoyaumiza macho yako, nasi tukakuamini, na mimi ndiye niliyekubebea mizigo hadi stendi.

Sasa nakueleza nililofanya, ulisikie kwangu kabla ya kwa mtu mwingine. Siku ya nne nilikwenda kwa wale wa vyuma chakavu, nikafukua rundo lao hadi nikakipata. Nikaulizia hadi nikampata Essilfie chumbani kwake, mtaa wa Asafo. Alikiweka kiraka magotini, akapitisha kidole kwenye yale matundu, polepole, moja baada ya jingine. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Nani?" Na mimi nikalitaja jina lako. Nilisema ni Fundi Ntiamoah, mjomba wangu, aliyenilea na kunipa kazi.

Tulikwenda pamoja kwa Bwana Dwumfour. Miaka yote hii alikuwa akivuka barabara ili asipishane na Essilfie. Alituacha tumesimama, akakitazama kiraka hadi chai yake ikapoa. Hatimaye alisema baba yake alikuwa akijisifu kwamba hakuna fundi aliyethubutu kumchelewesha. Akitaka gari Jumamosi, atalipata Jumamosi. Akakisukuma kikombe kando. Kisha akauliza njia ya Bechem.

Wanakuja kwako Jumapili, baada ya ibada. Kama watakuja na askari au na maswali tu, hawajaniambia. Essilfie amesema anataka kusikia kwa kinywa chako, basi. Labda na wewe ulikuwa na Jumamosi yako, Mjomba, na mtu aliyekusimamia kichwani. Hilo waambie wao. Sikuandikii ili ukimbie. Ukiondoka, mimi ndiye nitakayewaonyesha njia ya kwingine, maana jamaa zetu wote nawajua wanakokaa. Nitakuwa nao, wameniomba niendeshe.

Nakupenda, na usiku silali. Yote mawili ni kweli.

Msalimie sana Mkazamjomba Birago. Mwambie Jumapili apike kwa watu watatu zaidi, na akiuliza ni nani wanaokuja, mwambie wewe mwenyewe.

Ni mimi mpwa wako uliyenilea,
Yaw Siriboe