Nimefuta Marahaba za Baba Mkubwa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Hiyo salamu naomba msiikate mtakapochapa barua hii, kwa sababu shida yangu imeanzia kwenye salamu. Mimi ni mtu wa aibu, hata darasani nilikuwa nanyoosha kidole halafu nakishusha kabla mwalimu hajaniona, kwa hiyo kuandika gazetini si jambo dogo kwangu, lakini sijatulia, nikikaa nasimama, nikisimama naenda mlangoni, nikifika mlangoni narudi kwenye kompyuta, na wote ninaoweza kuwaeleza wana upande wao.

Niite Elina. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, nasubiri kupangiwa shule, na kwa sasa ninaishi Utemini kwa shangazi Redempta, dada yake marehemu baba, ambaye ni fundi cherehani. Mama yuko kwetu Ulemo, analima shamba ambalo yeye na baba walilifyeka wenyewe walipooana. Shuleni nilikuwa kwenye klabu ya kompyuta, mwalimu wetu Laurian akatufundisha kutengeneza tovuti, na ukoo wetu uliposikia, kikao cha Pasaka kikasema basi binti yetu atutengenezee ya kwetu, maana ndugu wametawanyika, wengine Iguguno, wengine Mwanza, wengine Dar es Salaam, na tunataka kuandika katiba ya ukoo, kila mtu achangie akiwa huko huko aliko.

Mwanzoni nilitengeneza kisanduku cha kuandikia kwa mikono yangu, ikawa balaa, kwa sababu watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja yule anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake, na ndugu wakaanza kushukiana. Nikampelekea Mwalimu Laurian, akacheka, akasema, "Elina, kwa nini unafua chuma wakati majembe yapo dukani?" Akanionyesha kwamba vipo vihariri vya nyaraka vya mtandaoni vilivyokwisha kutengenezwa, unakichukua kimoja unakipachika ndani ya ukurasa wako kama fundi anavyopachika dirisha kwenye ukuta, na wote wanaandika kwenye karatasi moja bila kugongana. Kazi ya tovuti yangu ni kukiambia kihariri kwamba huyu aliyeingia ni fulani na ruhusa yake ni hii, kusoma tu, au kutoa maoni pembeni, au kuandika. Kikao kilikuwa kimesema wote waandike, wake kwa waume, nami nikawapa wote kuandika. Siku kilipokubali kufunguka nilipiga kelele mpaka shangazi akajichoma sindano.

Mshauri, kilikuwa kitu kizuri kukitazama. Kila anayeingia anakuwa na kijiti kidogo cha rangi yake kinachowaka na kuzima pale anapotaka kuandika, na juu yake kuna jina lake, kwa hiyo unamwona ndugu wa Mwanza anaandika, wa Iguguno anamfuata, kama wamekaa benchi moja. Kitu nilichokisahau ni kwamba kwetu mtu hafungui mdomo mbele ya wakubwa kabla ya kusalimia. Binamu yangu Philipo anaingia, kabla hajagusa kifungu chochote anaandika "Shikamooni wazee," baba mkubwa Melkizedeki, ambaye ndiye kaka mkubwa wa baba, mwenyekiti wa ukoo, na anakaa Ulemo, anajibu chini yake "Marahaba, habari za Mwanza," Philipo anasema njema, anaingia mwingine naye anaanza upya, na katikati ya malengo ya ukoo kuna mtu anauliza kama alizeti za Iguguno zimeshavunwa. Katiba ikawa haisomeki. Basi mimi, kwa nia njema kabisa, nikaingia mchana mmoja nikaanza kufuta salamu, moja baada ya nyingine, sikutazama nani mwingine yumo ndani, kumbe baba mkubwa alikuwemo, anaona kijiti chenye jina langu kinatafuna marahaba zake mbele ya macho yake.

Simu ikaita papo hapo.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Sasa unanisalimia ya nini, Elina, na wewe ndiye unayezifuta?"

Nikasema nilikuwa nasafisha, akasema, "Unasafisha? Kwa hiyo mimi ni uchafu?" Akaendelea kwamba ameona sasa madhara ya kuwapa kalamu watoto na wanawake, na kwamba nibadilishe ruhusa, wazee wa kamati ya ukoo pekee ndio waandike, wengine wote wasome tu, na iwe hivyo kabla ya kikao kikubwa cha Ulemo baada ya mavuno, ambapo katiba itasomwa na kupitishwa.

Hapo ndipo roho yangu iliposhtuka, kwa sababu kuna kifungu cha wajane. Shangazi Redempta ndiye aliyekiandika: "Mjane atabaki katika nyumba na shamba lake, wala hatahamishwa." Kesho yake baba mkubwa akaongeza mbele yake, "iwapo kamati itaridhia." Philipo akayafuta maneno hayo. Yakarudi. Yakafutwa tena. Mimi nimekaa Utemini nayaona yanakuja na kuondoka kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Baba alifariki mwaka juzi, na tangu hapo baba mkubwa amesema zaidi ya mara moja kwamba shamba la marehemu lirudi mezani, kwa sababu mwanawe Gerald anataka kuoa na hana pa kujenga. Nikiwafungia wengine, yale maneno yatarudi na hakuna atakayeyagusa, na mama yangu atalima kwa kuridhiwa.

Na kufunga kwenyewe ni kubadilisha neno moja tu kwenye msimbo, yaani yale maagizo ninayoiandikia tovuti. Ndiyo inakuwa hapana. Nakifungua kile kipande, nakitazama, nakifunga, nanawa uso, nakifungua tena.

Usidhani baba mkubwa ni mtu mbaya. Baba alipougua yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumtoa nje aote jua, na mwaka ule hatukulima ni yeye aliyejaza ghala letu. Nitamwambiaje hapana mtu kama huyo? Shangazi kwa upande wake anasema, huku mguu uko kwenye cherehani, "Kaka yangu huyo tangu utotoni akishindwa hoja anatafuta kosa la adabu. Mfungie yeye! Mweke yeye awe msomaji, tuone." Philipo naye kwenye kundi la simu anafanya mzaha, ameandika, "Ukoo umehamia mtandaoni ila vigoda vya wazee tumekuja navyo," watu wakacheka, baba mkubwa akaondoka kwenye kundi, na hilo nalo nimelaumiwa mimi.

Nimewaza njia ya tatu. Naweza kuwafungia wote ili baba mkubwa aridhike, halafu mama peke yake nimwachie ruhusa kimyakimya, hakuna atakayejua ila mimi. Mama ana simu, anaingia karibu kila siku akitoka shambani. Kijiti chake nakiona, kina rangi ya chungwa, kinakuja mpaka kwenye kifungu cha wajane, kinasimama hapo, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, haandiki neno, halafu anatoka. Nikimwona hivyo natamani kuingia ndani ya kioo.

Mshauri, nifunge, nikatae, au nifanye hiyo ya siri? Naomba unijibu kabla ya mavuno kwisha, na kama kuna mahali nimekosa adabu katika barua hii unisamehe.

Elina, Utemini, Singida


BI SCOLA ANAJIBU

Marahaba, Elina. Hiyo imechapwa kwa wino, haina kijiti cha kuifuta.

Sasa tulia, ukae kwenye kiti, na usisimame mpaka nimalize. Nianze na kukugombeza, kwa sababu umestahili kidogo. Mwanangu, uliona salamu za watu wazima ukaziita uchafu wa karatasi. Ulijua kupachika kihariri, ukasahau kwamba wanaoingia humo wanaingia na desturi zao, na anayejenga ukumbi bila sebule asishangae wageni wakisalimiana jikoni. Hilo ni kosa lako, la fundi, na dawa yake ni ya fundi. Nimewauliza watu wa kompyuta hapa ofisini, wananiambia vihariri vya namna hiyo kwa kawaida hutunza matoleo ya nyuma. Zitafute salamu zilizofutwa, uzitoe humo, na juu ya kihariri, kwenye ukurasa wako, utengeneze mahali pa kusalimiana, uzirudishe hapo. Mtu aingie, asalimie, aitikiwe, aulize habari za alizeti mpaka achoke, ndipo ashuke kwenye vifungu. Katiba itasomeka, na hakuna mzee atakayeliwa marahaba yake.

Likiisha hilo, panda gari uende Ulemo. Simu haitoshi, na ujumbe wa maandishi ndio kabisa usithubutu. Umfuate baba yako mkubwa nyumbani kwake, umwamkie kwa mdomo, umwombe radhi kwa salamu. Kwa salamu tu, unanisikia? Yeye amefunga mizigo miwili kwa kamba moja, adabu yako na kalamu ya wanawake, na wewe kwa woga wako umeibeba yote. Ifungue hiyo kamba. Mzigo wa kwanza ni wako, mwombe radhi kwa moyo wote, maana mtu aliyembeba baba yako mgongoni anastahili magoti yako. Wa pili si wako wala si wake.

Akikuuliza juu ya kufunga, na atakuuliza, usimwambie hapana. Mwambie hivi, taratibu, macho chini kama ulivyolelewa: "Baba mkubwa, kikao ndicho kilichoniambia niwape wote. Kikao kikiniambia niwafungie, nitawafungia siku hiyo hiyo." Halafu unyamaze. Kunyamaza unakujua vizuri, hapo kutakufaa. Yeye ni mwenyekiti, anajua uzito wa neno la kikao kuliko wewe na mimi. Na ukitaka kumpoza, kile kifungu kimoja chenye ugomvi kiandikwe kikiwa na kauli zote mbili, ya shangazi na ya kwake, moja chini ya nyingine, na kuanzia hapo watu wote, yeye akiwemo, watoe maoni pembeni bila kufutana, mpaka kikao kiamue kwa mdomo. Mlango wa kufungua na kufunga umalizwe na watu wakitazamana.

Shangazi yako Redempta mwambie nimemsalimu, kifungu chake ni kizuri, ila ushauri wake ni wa hasira. Kumfungia kaka nje ya katiba ya ukoo wake ni kumpa sababu ya kutoitambua. Na Philipo apunguze mzaha, yeye akicheka Mwanza wewe unalia Utemini.

Ile ya siri usiiguse. Wewe ndiye uliyeshika ufunguo, na siku ndugu wakigundua kwamba ufunguo una njia ya uchochoroni, hakuna atakayeamini hata nukta iliyomo kwenye tovuti yako, na kitu cha kwanza watakachokitilia shaka ni hicho kifungu cha mama. Utakuwa umemtetea kwa namna ya kumzika.

Jambo jingine, na hili msilicheleweshe. Katiba ya ukoo si sheria ya nchi. Ukiwa huko, mchukue mama mwende kwa msaidizi wa kisheria aliye karibu nanyi, mweleze shamba lilipatikanaje, kwamba walilifyeka pamoja, na ni nani aliyeshuhudia, na ajue haki yake kabla ya kukaa kwenye kile kikao. Gerald naye apate pa kujenga, sikatai, ukoo una ardhi na una wazee wa kufikiri. Ila isiwe lazima kuanzia kwenye shamba la asiyesema.

Na hapo ndipo ninapokugombeza kweli, Elina. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umenieleza anachotaka baba mkubwa, anachotaka shangazi, anachoandika Philipo, hata anachokosa Gerald. Umemwona mama yako anakuja kwenye kifungu hicho karibu kila siku, anasimama, anaondoka, na katika barua nzima hakuna mahali ulipomuuliza alitaka kuandika nini. Wote mnavutana juu ya kifungu chake, na kijiti chake kinawaka na kuzima kama mtu anayebisha hodi.

Basi ukifika Ulemo, ukimaliza kwa baba mkubwa, nenda kwa mama. Usimshikie simu, usimwandikie, usimsahihishe. Kaa karibu naye, umuulize, kisha umwache aandike mwenyewe, hata kama ni polepole. Na akianza na "Shikamooni wazee," usiguse.