Samaki wa Eda

Jumatatu, 5 Agosti

Bakuli la uji la Mama limeshuka kama lilivyopanda. Utando umeshika juu. Nimempa paka wa ngazini, naye amenusa akaondoka. Nimecheka peke yangu jikoni, halafu nimeona haya.

Mama hali. Kidonge chake cha sukari anameza kila asubuhi, chakula hataki. Nimemwambia dawa ile bila kitu tumboni itamwangusha. Anajibu, "Ntakula baadae." Baadae yake haifiki.

Mama Mkubwa, dada yake, amekuja kutoka Makunduchi kukaa naye eda. Tangu Baba azikwe hajarudi kwao. Kazi yake kubwa ni kukataza. Dirisha la njiani lifungwe. Televisheni izimwe. Manukato yote yatoke chumbani, mjane wa eda hajitii harufu nzuri mpaka miezi minne na siku kumi zipite. Mengine ni dini, mengine ni yake mwenyewe. Sina elimu ya kuyachambua wala nguvu ya kubishana.

Mama alikuwa mtu wa dirishani. Alijua nani kapita, kabeba nini, kagombana na nani. Sasa anatazama ukuta.

Nataka kumwekea kitu chenye uhai mbele yake. Paka hapandi juu, Mama Mkubwa humkimbiza kwa ufagio. Ndege ana kelele. Samaki hasemi. Kwa samaki hata Mama Mkubwa atakosa la kukataza.

Jumanne, 6 Agosti

Nimemnunua. Mlandege, kwa bwana anayeuza kasuku na samaki wa mapambo. Wa rangi ya dhahabu, mnene, mkia mrefu kama ushungi. Na tangi la kioo, kopo la punje za chakula, mashine ndogo ya hewa yenye mpira wa kutoa mapovu majini. Nimembeba ndani ya chupa kubwa iliyokatwa shingo. Watalii wamempiga picha. Shauri yao.

Maji ya mfereji yana dawa, eti lazima yalazwe kwanza. Kwetu si tatizo. Maji yanakatika kila wiki, ndoo hazikai tupu.

Tangi nimeliweka chumbani kwa Mama, juu ya meza. Mashine ipo chini, nyuma ya sanduku lake la nguo, ndipo penye plagi. Mama Mkubwa ameuliza samaki asiyeliwa ana faida gani. Mama aliugeuza uso kutoka ukutani. Alimtazama mpaka wakati wa sala.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumatano, 7 Agosti

Samaki hali.

Nimeangua kicheko, kicheko kibaya, na Mama ameniangalia kama nimepata wazimu. Punje anaitia mdomoni, anaitema. Amejibanza pembeni, chini kabisa, mapezi ameyabana. Mama alishaona kabla yangu. Alisema, "Huyu naye kafiwa."

Sikupenda. Lakini ni maneno mengi kuliko ya jana na juzi.

Nimempigia simu yule bwana wa Mlandege. Anasema samaki mgeni huogopa. Asisumbuliwe. Apewe kidogo, kinachobaki kitolewe kisije kikaoza. Mwanga upunguzwe. Nilipokuwa natafuta kitambaa cha kufunikia upande mmoja, Mama aliinuka kitandani, akavua mtandio wake, akaufunika mwenyewe. Aliinuka mwenyewe. Naandika mara mbili kwa sababu nina furaha.

Ijumaa, 9 Agosti

Shauri jipya kutoka Mlandege. Njegere. Ichemshwe, imenywe ganda, ipondwe.

Mama amekataa nimenye mimi. Amekaa na kibakuli mapajani, akamenya kwa kucha, akaponda kwa kidole. Iliyobaki kidoleni akailamba. Hakujua kama namwona. Nusu ya njegere. Nimekwenda chooni nikalia huku nimefungua maji.

Kaka amekuja kutoka Chukwani baada ya sala ya Ijumaa. Amelia, amekula biriani aliyoileta mwenyewe, ameondoka. Ndivyo anavyoomboleza, na mimi ndivyo ninavyomkasirikia. Kila mtu na lake.

Samaki ameionja njegere. Ameitema.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimebadilisha maji nusu. Asubuhi alichangamka kidogo. Jioni, nimerudi kazini, namkuta juu kabisa ya maji, mdomo wazi, anahema. Matamvua yanakwenda mbio. Mapovu ya mashine yapo, mengi tu. Hewa anayo. Sasa anahemea nini?

Mama amerudi kulala ameelekea ukuta. "Anakufa," alisema. Chakula cha mchana kimeshuka kama kilivyopanda.

Namchukia samaki huyu. Nilimleta amwinue mgonjwa, sasa nina wagonjwa wawili.

Jumapili, 11 Agosti

Leo nimelitazama tangi kwa karibu. Juu ya maji kuna utando wa mafuta, kama maji ya sufuria ya pilau kabla hujatia sabuni. Nikainamisha pua.

Udi.

Si ubani. Ubani Mama Mkubwa huufukiza chini kila magharibi, nyumba nzima inanuka matanga, pua zetu zimekwisha kufa. Huu ni udi, wa sukari na marashi, ule wa kufukiza nguo na kitanda. Ubani ni wa nyumba. Udi ni wa mke na mume.

Nimeichomoa mashine nyuma ya sanduku. Kisponji kinachochujia hewa kilikuwa cheupe siku niliyonunua. Kimekuwa cheusi, kinanata, kinanuka. Mashine inavuta hewa ya chumba na kuipulizia majini. Moshi wote anaumeza samaki.

Kumbe kuna mtu anafukiza udi chumbani kwa mjane wa eda. Na huyo mtu si Mama Mkubwa.

Nimekiosha kisponji nikairudisha mashine mahali pake. Sikuuliza. Nimeogopa jibu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, mwenzangu amenishikia mapokezi ya hoteli. Nilijua Mama Mkubwa huenda darsa la wanawake baada ya alasiri. Nimepanda ngazi polepole. Sipendi kumnyatia mama yangu. Nimemnyatia.

Alikuwa amekaa chini, mgongo kwa mlango. Tenga limefunikwa kanzu ya Baba, ile ya Idi, chetezo kinafuka chini yake. Uso ameuzamisha kwenye kola. Hakushtuka aliponisikia. Alisema tu, huku bado ameinama:

"Harufu yake inanikimbia, mwanangu. Nikiifukiza inarudi kidogo."

Ningenyamaza. Ningekaa chini karibu yake nikanusa na mimi, maana hata mimi nina baba aliyekufa. Badala yake nikamweleza habari za mashine. Nikamwonyesha kisponji. Nikasema, "Huu moshi ndio unaomuua samaki." Nilidhani namtajia kosa dogo ili nisimtajie kubwa. Nilidhani hiyo ndiyo adabu.

Akainua uso. Aliona haya. Mama yangu, mbele yangu, aliona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akamwagia makaa maji ya kutawadhia, moshi ukapanda mara moja, kisha basi.

Tangi nimelishusha chumbani kwangu. Maji mapya yote. Mashine mbali na kila kitu.

Jumatano, 14 Agosti

Amekula. Punje moja, akatulia, ya pili, halafu akapanda juu kudai zaidi. Nimekimbia ngazi kumwambia Mama, nusura nianguke.

Akasema alhamdulillah. Kisha akanikabidhi kifurushi cha gazeti, kimefungwa kamba. Kanzu. Akasema nimpelekee muadhini wa msikiti wetu, iwe sadaka ya Baba. Mama Mkubwa alikuwapo, akamsifu, akasema hivyo ndivyo mjane anavyotakiwa, nguo za maiti zimfae aliye hai. Mama alikuwa anaitika, naam, naam, macho yake sakafuni.

Nimeipeleka. Muadhini amemwombea Baba dua ndefu. Nimerudi nyumbani nimefurahi. Nilijiona nimemaliza mambo mawili kwa siku moja.

Mjinga mimi.

Alhamisi, 15 Agosti

Uji umeshuka. Chai imeshuka. Maji ameyagusa kwa midomo tu.

Samaki amekula mara mbili.

Ijumaa, 16 Agosti

Mama ameanguka.

Asubuhi nilimsihi asimeze kidonge. Akasema, "Nshameza." Nikaenda kuchemsha yai, nikalipandisha, nikamkuta chini baina ya kitanda na meza. Jasho la baridi. Macho wazi, hanijui. Ulimi mzito, anamwita Baba kwa jina, jina ambalo hajawahi kulitamka mbele yetu maisha yote. Mama Mkubwa alimpakata, mimi nikampaka asali kwenye fizi kwa kidole. Nyingine ikamwagika shingoni. Jirani akatuletea gari.

Hospitali wamemtundikia dripu. Daktari amesema sukari ilishuka mpaka karibu na pabaya. Kidonge amekizuia kwanza. Akasema la muhimu ni ale, asipokula, mara nyingine huenda asizinduke. Alikuwa ananiambia mimi kama kwamba mimi ndiye ninayemfungia jiko.

Tumerudi naye jioni. Mwepesi kama mto wa sufi, tumempandisha kwenye kiti. Amekataa supu. Hakuikataa kwa hasira. Ameikataa kwa upole, kama mtu anayekataa kitu kisichomhusu tena.

Nimeingia chumbani kwangu. Samaki amekuja kwenye kioo, amenizoea, anafungua mdomo. Mnono, anang'aa, mzima.

Nilimwokoa samaki.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekaa na jambo hili asubuhi nzima. Kwa wiki zote zile Mama alikuwa hali, ndiyo. Lakini alikuwa akisubiri alasiri. Alikuwa na kitu cha kuamkia. Nusu ya njegere ile aliilamba kwa sababu siku yake ilikuwa na saa moja ya Baba ndani yake. Nimeichukua saa hiyo nikampa samaki.

Nimemwambia Mama Mkubwa nakwenda kuiomba kanzu. Amesimama mlangoni. Akanikumbusha kuwa mwenye kurudi katika sadaka yake ni kama mbwa anayerudia matapishi. Akanikumbusha na la udi, kwamba nataka kumwingiza dada yake katika haramu ndani ya eda. Hakupiga kelele. Ni kweli tupu, na ninaijua.

Nikamwambia, "Dhambi yake niandikiwe mimi, Mama Mkubwa. Leo ushuhudie wewe."

Akanipisha.

Muadhini alikuwa anafagia ukumbi wa msikiti. Nimesimama nje. Nikasema Mama anaumwa, anaitaka. Hakuuliza zaidi. Akaingia kwake akatoka nayo mikononi, imekunjwa vizuri sana. Nilimwahidi kanzu nyingine mpya. Akasema hana haja, Mungu amponye mgonjwa. Kisha, kwa nia njema kabisa: "Sijaivaa bado. Mama watoto ameifua tu, akaipiga pasi."

Nimeinusa njiani, mbele ya watu. Sabuni ya unga na wanga. Nimeinusa kwapani, kolani, kila pahala. Hakuna kitu. Baba hayumo.

Nimekaa kwenye baraza ya nyumba nisiyoijua mpaka mwenyewe akatoka kuniuliza kama naumwa.

Jumapili, 18 Agosti

Nimewasha makaa mwenyewe jikoni. Sijui kufukiza, kazi hiyo alikuwa akinifanyia Mama. Udi ulikuwa umefichwa kwenye kopo la iliki. Nimepandisha chetezo, nimeweka tenga, nimetandaza kanzu juu yake. Nilimwambia kabla hajaigusa kwamba imefuliwa. Sikutaka aigundue peke yake.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa kizingitini na tasbihi. Moshi ulipoanza kupanda aliinuka. Nilidhani anakuja kuuzima. Akafunga mlango, akachukua kanga akaziba uwazi wa chini ili harufu isitoke njiani, akarudi kukaa. Hakunitazama.

Mama ameshuka kitandani kwa kushikiliwa. Ameingiza uso kolani.

"Si yeye," alisema.

Nikasema najua. Nikasema nisamehe. Akatikisa kichwa, sijui ni ndiyo au hapana. Kisha akasema udi wangu ni mchache, Baba alikuwa anapenda mwingi, mpaka majirani wanakohoa. Nikaongeza. Akasema bado. Nikaongeza tena.

Mama Mkubwa akakohoa.

Mama ametaka chai. Ya maziwa, si uji. Amekunywa nusu kikombe na kipande cha mkate wa boflo, akikichovya kidogo kidogo, kanzu ameilaza magotini. Kipande kimoja tu. Kingine nilichomwekea hakukigusa.

Hakuuliza habari za samaki. Sikumwambia kwamba mzima.

Nimeshusha kikombe nimekiosha.